Watoto wa Kalasinga wafundishwe dini yao nyumbani, na kwa lugha wanayoielewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo wasomaji wengi huenda wakaliona dogo, kwa kuwa linawahusu watu wachache katika nchi yetu. Jambo lenyewe ni mafundisho ya dini kwa watoto wadogo wa jamii ya Kalasinga, au Masingasinga kama wengine tunavyowaita. Mimi si wa dini hiyo. Ni mwalimu wa shule ya msingi ya kijijini, mwenye miaka kumi na miwili kazini tangu nitoke chuo cha ualimu. Ninaandika kwa sababu tunao watoto wawili wa jamii hiyo shuleni kwetu, msichana wa Darasa la Nne na mdogo wake wa kiume wa Darasa la Pili. Baba yao ana karakana ya magari pale njia panda.

Watoto hawa walihamia kwetu kutoka shule nyingine ambayo sitaitaja. Huko kijana alitakiwa anyolewe kama wenzake, au abaki nyumbani. Wazazi walijaribu kueleza wakaambiwa kwamba sheria ni sheria, na kwamba mtoto mmoja akiachiwa nywele kesho darasa zima litataka kufuga. Basi kwa muda wa wiki nzima mtoto wa miaka saba akawa anashinda karakanani akichezea spana wakati wenzake wanasoma. Alipofika kwetu, Mwalimu Mkuu na kamati ya shule walikaa wakakubaliana kwamba avae kitambaa kichwani cha rangi ya sare. Kikao hakikuchukua hata nusu saa.

Lakini kamati ya shule haikai darasani. Wanafunzi ndio wanaokaa. Siku ya kwanza tu waliuliza swali ambalo, kusema kweli, ni swali la haki: mbona sisi tunanyolewa na yeye hanyolewi? Kijana alijibu, "Baba amesema." Wakacheka. Mmoja akamwita msichana, mwingine akavuta kitambaa mpaka kifundo cha nywele kikaonekana. Niliwakanya na kuwaadhibu waliostahili. Hata hivyo, adhabu ya mwalimu humlinda mtoto mpaka kengele ilie tu; njiani kurudi nyumbani hana mlinzi ila jibu alilo nalo kichwani. Na "baba amesema" si jibu. Hapo ndipo nilipoona kwamba tatizo lina pande mbili. Upande mmoja ni wetu sisi walimu, na upande wa pili ni wa wazazi wenyewe.

Nianze na wa wazazi, maana ndio unaosahauliwa. Kipindi cha dini kimo katika ratiba ya shule zetu. Padri au katekista huja, ustadhi huja, na watoto hugawanyika. Watoto hawa wawili hawana wa kuwajia. Hekalu lao la karibu liko mjini, na fundi anayelala chini ya lori mpaka saa mbili usiku hawezi kwenda huko kila Jumapili. Nilipozungumza naye alinijibu kwa upole kwamba watajifunza wakienda mjini. Je, watakwenda mara ngapi kwa mwaka? Mara tatu? Nne? Mtoto hawezi kujifunza hata jedwali la mbili kwa kulisikia mara nne kwa mwaka. Kwa hiyo kwa watu hawa nyumba ndiyo shule, ndiyo hekalu. Isipofundisha nyumba, hakuna atakayefundisha.

Bahati nzuri nyumba ile ina bibi. Nilikwenda nikaketi naye, na tangu siku hiyo nimekwenda mara nyingi. Anazungumza Kiswahili cha hapa hapa Korogwe kuliko hata baadhi yetu tuliohamia. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba neno Sikh, ambalo ndilo wanalojiita wenyewe, maana yake ni mwanafunzi. Mimi kama mwalimu nilifurahi sana kusikia kwamba wako watu ambao dini yao nzima imepewa jina la mtu anayejifunza.

Sasa kuna Kalasinga wengine wanaodhani kwamba kumfundisha mtoto mdogo ni kumkaririsha. Asubuhi ipo sala yao iitwayo Japji, jioni ipo Rehras, na kabla ya kulala ipo Sohila, zote kwa Kipunjabi cha zamani. Mtoto anayezisikia kila siku huzishika, na hilo ni jema. Sauti ya mama anayesali usiku ni jambo ambalo mtu halisahau. Lakini kukariri peke yake kunamwachia mtoto maneno asiyoweza kuyatumia njiani anapovutwa kitambaa. Chuoni tulifundishwa tuanze na kile ambacho mtoto anakijua ndipo tuende kwenye kile asichokijua, tuanze na kinachoshikika ndipo twende kwenye kisichoshikika. Nadhani dini hii, kuliko nyingi ninazozifahamu, inafaa kufundishwa kwa njia hiyo.

Tazameni bangili ya chuma mkononi mwa mtoto, waiitayo kara. Mtoto wa miaka minne anaweza kuishika, kuizungusha na kutafuta mwanzo wake na mwisho wake asivione. Kutoka hapo si kazi ngumu kumwambia kwamba Mungu naye ni mmoja, hana mwanzo wala mwisho. Anaweza pia kuambiwa kwamba mkono uliovaa bangili hiyo hauibi embe za jirani. Tazameni kitana cha mti, kiitwacho kangha. Kila asubuhi mama anachana nywele za mtoto na kuzifunga. Dakika zile kumi ambazo mtoto hawezi kukimbia ndizo kipindi bora cha dini, kuliko hata changu cha saa nzima. Nywele zisizokatwa, kitana, bangili, kaptura ya ndani na jambia ndizo alama tano ambazo Guru wao wa kumi, Gobind Singh, alizihimiza alipounda udugu wa Khalsa huko Anandpur mwaka 1699. Nataja jambia makusudi, kwa kuwa baadhi ya walimu wakisikia habari za Kalasinga hufikiria kisu darasani. Alama zote tano huwalazimu wale waliokwisha kupokea amrit, yaani waliokwisha kuingizwa katika Khalsa. Mtoto wa Darasa la Pili hajafika huko. Anachokuja nacho shuleni ni nywele na bangili.

Hata chakula ni somo. Ile halua yao ya hekaluni hupikwa kwa unga, sukari na samli, vipimo sawa sawa, na hugawiwa kila aliyeingia, awe tajiri au mchukuzi, awe wa dini yao au la. Bibi huwapa watoto kikombe wapime wenyewe. Wanajifunza hesabu na dini katika sufuria moja! Halafu huwaeleza habari za langar, jiko la bure ambalo Guru wa kwanza, Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469, alilianzisha ili watu wa matabaka yote waketi chini pamoja na kula chakula kimoja. Nchi ya India wakati ule ilikuwa na watu ambao hawakuweza kula na wenzao kwa sababu ya kuzaliwa kwao tu. Asiyeamini kwamba desturi hiyo ipo hadi leo na apite barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, asimame Makindu. Hapo pana hekalu la Kalasinga lililojengwa mwaka 1926, katika njia ya reli ile ambayo babu zao walikuja kuijenga kati ya mwaka 1896 na 1901. Msafiri yeyote hula hapo bila kuulizwa dini wala kabila. Madereva wa malori wanaifahamu vizuri.

Baada ya vitu vya kushika, hadithi. Hapa ndipo ninapotaka kusema na wazazi hao kwa msisitizo: wasimulieni watoto kwa Kiswahili. Watoto wenu wanacheza kwa Kiswahili, wanagombana kwa Kiswahili, na naamini wanaota kwa Kiswahili. Nimesikia hoja kwamba dini ikisimuliwa kwa lugha nyingine itapungua nguvu. Kwa heshima zote, siikubali. Nanak mwenyewe aliimba kwa lugha ya watu wa kawaida, hakuona lazima kutumia Kisanskriti cha wanazuoni. Na kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, chenye kurasa 1430, hakikukusanya maneno ya Maguru peke yao. Zimo pia tenzi za Kabir mfumaji, za Ravidas fundi wa ngozi na za Sheikh Farid aliyekuwa Mwislamu. Kitabu kilichofungua mlango kiasi hicho hakiwezi kuogopa Kiswahili. Mwandiko wa Gurmukhi nao wafundishwe, herufi moja moja, bila haraka, ili siku moja wakisome kitabu wenyewe. Bibi yule huandika herufi kwa kidole katika unga kabla ya kukanda chapati. Lakini wasisubiri wajue herufi ndipo wasikie hadithi.

Nitatoa mfano mmoja wa nguvu ya hadithi. Katika somo la Kiswahili tuna zoezi la kusimulia, na zamu ilipomfikia kijana wetu alisimama akasimulia habari za Nanak alipofika katika mji mmoja akapanga nyumbani kwa seremala maskini aitwaye Lalo. Katika mji ule alikuwapo mkubwa mmoja tajiri, Malik Bhago, aliyefanya karamu na kuwaita watu wote. Nanak hakwenda. Alipoitwa kwa nguvu akaulizwa kwa nini anakidharau chakula cha tajiri na kula cha seremala. Nanak akashika mkate wa Lalo mkono mmoja na mkate wa Bhago mkono wa pili, akakamua. Wa Lalo ukatoka maziwa. Wa Bhago ukatoka damu. Darasa la watoto hamsini na sita lilikuwa kimya. Kisha mmoja akauliza, "Mkate gani, wa boflo?" Kijana akajibu, "Chapati," na wote wakaridhika, maana chapati wanaijua. Hakuna aliyehitaji kuelezwa damu ile ilikuwa ya nani. Watoto wa wakulima wanajua mtu anayepunjwa kwenye mizani.

Tangu siku ile hakuitwa tena msichana, angalau si mbele yangu. Na alipoulizwa tena habari za nywele alijibu, "Nimepewa na Mungu, sijazinunua, basi nazitunza." Nilipata habari kwamba jibu hilo alilitunga na dada yake. Si jibu la mwanachuoni, lakini ni lake.

Hata hivyo ninao ushauri ambao bibi na mimi hatukukubaliana mara moja. Historia ya Masingasinga ina damu nyingi. Guru wa tano, Arjan, aliuawa Lahore mwaka 1606. Wa tisa, Tegh Bahadur, aliuawa Delhi mwaka 1675, na wenyewe wanamheshimu kwa kuwa alisimama kutetea Wahindu wa Kashmir wasilazimishwe kubadili dini, ingawa dini yao haikuwa yake. Na wale watoto wawili wadogo wa Guru Gobind Singh, Zorawar na Fateh, walizungushiwa ukuta wakiwa hai huko Sirhind kwa kukataa kuacha imani yao. Bibi alitaka kuanza na hao, kwa sababu, alisema, walikuwa na umri wa mjukuu wake, na walikuwa na bibi yao, Mata Gujri, aliyewatia moyo kifungoni. Nilimwelewa. Lakini nimefundisha watoto wadogo miaka mingi, na najua kwamba mtoto wa miaka sita akisikia habari ya kuzikwa ndani ya ukuta, anachobaki nacho usiku ni ukuta, imani anaisahau. Isitoshe, mtoto anaweza kuwachukia wenzake Waislamu wa dawati moja kwa ajili ya mambo ya watawala wa Kimughali wa miaka 300 iliyopita. Nilimwomba aanze na Mardana, Mwislamu aliyesafiri na Nanak akipiga zeze lake mpaka uzeeni, na na Bhai Kanhaiya, yule aliyekuwa akiwapa maji majeruhi vitani, wa upande wake na wa adui sawa sawa, akashtakiwa kwa Guru, na Guru akampa dawa aongeze kuwatibu. Hao wawe wa miaka saba, minane. Kuta za Sirhind zingoje mpaka miaka kumi au kumi na moja, na zisimuliwe mchana. Bibi alifikiri, akasema mwalimu ana woga mwingi kwa mtu mwenye fimbo. Lakini alianza na Mardana.

Neno moja kuhusu wasichana. Dada wa kijana huyu ana jina la Kaur kama wanawake wote wa Khalsa, na kwa dini yao mwanamke anaruhusiwa kusoma kitabu kitakatifu mbele ya watu na kuongoza sala. Basi isiwe kwamba kaka anafundishwa kufunga kilemba na dada anafundishwa kuosha vyombo vya waliofunga vilemba.

Sasa upande wetu walimu. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa dini. Sheria ya kunyoa nywele shuleni ni ya usafi na ya kuzuia majivuno, nami naiunga mkono. Lakini nywele za mtoto yule zinachanwa kila siku na kufunikwa, ni safi kuliko vichwa vya baadhi ya walionyolewa kwa wembe mmoja. Wenzetu wa nchi za mbali nao wamekwama hapo. Uingereza ilibidi kesi ya kijana wa Kalasinga aliyekataliwa na shule moja ya binafsi huko Birmingham kwa ajili ya kilemba ifike mpaka mahakama ya juu kabisa, na mwaka 1983 familia yake ikashinda. Ufaransa kwa upande wake ilipitisha sheria mwaka 2004 inayokataza alama za dini zinazoonekana wazi katika shule za serikali, na vijana wa Kalasinga wakafukuzwa. Sisi hatuna haja ya mahakama wala ya sheria mpya. Mwalimu Mkuu amwite mzazi, amuulize, amsikilize, na kamati ikae nusu saa kama yetu ilivyokaa.

Wapo watakaouliza mwalimu wa serikali anahangaika nini na dini ya watu. Nawajibu kwamba sihangaiki na dini, nahangaika na mtoto aliyekosa wiki nzima ya masomo. Na nitaongeza, hata kama watanichukia, kwamba sisi wengine tuliojaa makanisani na misikitini tumezoea kumwachia katekista na ustadhi kila kitu. Nimewauliza wanafunzi wangu ni nani aliyesimuliwa hadithi moja tu ya dini na baba au mama yake mwezi uliopita. Mikono iliyoinuka niliihesabu bila kutumia mkono wangu wa pili.

Ndugu Mhariri, msichana wa Darasa la Nne sasa anaandika hadithi za bibi yake kwa Kiswahili katika daftari nililompa, kwa sababu macho ya bibi hayaoni vizuri tena na yeye ndiye pekee katika nyumba ile anayezijua zote. Wamefikia hadithi ya kumi na moja, na daftari limekwisha kurasa. Kama yuko msomaji anayejua kitabu cha watoto cha dini hiyo kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, naomba aandike katika ukurasa huu huu na kutaja mahali kinapopatikana. Kama hakuna, nitanunua daftari jingine.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Korogwe, Tanga.